Masharubu ya Masizi

Lalmuni ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, na najua nikianza tu kumsimulia mtasema, aa, wifi na wifi, hao wanapendana lini. Semeni. Mimi naitwa Sugiya, nimekula chakula chake miaka ishirini na mitatu, na leo simsemi kwa kumwonea wala kwa kumpamba.

Kazi yake ni kukaanga. Mbele ya nyumba yetu kuna jiko la udongo, na juu yake karai kubwa la chuma lililojaa mchanga. Mchanga ukishika moto anatupia dengu, mahindi au mpunga, anakoroga kwa fagio la njiti, vikianza kuruka anavitia kwenye chekecheo, mchanga unashuka, bisi zinabaki. Mtaa mzima huja na nafaka kwenye pindo la nguo, naye huchota kiganja kimoja kuwa ujira wake. Amefanya hivyo tangu kaka alipofariki, mwanawe Binda akiwa na miaka sita. Nyusi zake zimeungua mara nyingi mpaka zimekata tamaa ya kuota.

Lakini hakuna mtu katika mji wetu aliyemjua Lalmuni kwa dengu. Alijulikana kwa masharubu.

Kwetu bwana harusi akiondoka kwenda kuoa, wanaume wote huondoka naye, hata vizee vya kushikwa mkono. Nyumba inabaki na wanawake peke yao, na usiku ule ni wetu. Tunavaa suruali za waume zetu, tunapiga vilemba, tunacheza harusi yetu ya uongo. Mchezo huo tunauita domkach, na maneno yanayotoka humo, bibi wee, shetani akipita atatia pamba masikioni. Mwanamume haruhusiwi kuona, awe wa miaka minane au themanini. Na kuna sheria moja tu: kukipambazuka, umesahau. Aliyepiga makofi pale uani amekula kiapo, basi. Mama yangu aliishika, bibi yangu aliishika, sikuwahi kusikia mtu ameivunja kabla yetu.

Lalmuni ndiye aliyekuwa bwana harusi, kila mara, kila nyumba. Alifuta masizi chini ya karai kwa kidole, akajichora masharubu, na palepale yule mjane mkimya anayekohoa moshi mchana kutwa alikuwa hayupo tena. Alitembea kama mume mlevi, kama mume bahili, kama mume anayemwogopa mama yake. Mimi nilikuwa bi harusi wake, nikikaa chini na ushungi usoni. Wanawake walikuja kutoka mitaa mitatu kumtazama yeye. Mimi walinikanyaga.

Sasa Binda. Mwanawe huyo wa pekee ni fundi wa feni, kijana mpole, anayeomba radhi hata kwa ng'ombe aliyemziba njia. Mama yake alimfumia sweta ya rangi ya haradali palepale jikoni, akikaanga huku anafuma, na kwa kuwa akili ilikuwa kwenye mchanga, mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole vinne. Binda aliukunja, akaivaa hivyohivyo nyumbani miaka yote. Ndivyo alivyokuwa.

Akaozwa Kusum, binti wa upande wa mtoni, katika mwezi wa baridi kali. Usiku wa tatu wa ndoa Binda alibeba godoro lake akapanda nalo juu ya paa. Mama yake akamuuliza kulikoni. Akasema joto. Ukungu wa Januari, mbwa wa mtaani wamelala ndani ya majivu ya jiko letu wakitafuta uvuguvugu, yeye anasema joto. Lalmuni alinitazama, nami nikamtazama.

Kusum alinyamaza siku arobaini. Halafu asubuhi moja nilikuwa namtia mafuta kichwani, akaniuliza bila kugeuka, "Shangazi, mimi nina harufu?"

Nikamwambia hana harufu, kwani vipi.

"Hajanigusa," akasema.

Mafuta yakanimwagikia mapajani. Maana mimi nililala miaka minne na mwanamume aliyenipa mgongo, na mwaka wa tano nikarudishwa kwa kaka yangu na jina la tasa. Mama mkwe wangu ndiye aliyenipa jina hilo, mbele ya watu, sinia la harusi likiwa limeshikwa ili nisilitie nuksi kwa kuligusa. Mpaka leo mwanamke mwenye mimba akiniona anavuta nguo afunike tumbo. Basi nilikwenda kwa Lalmuni nikamweleza ya Kusum, na nakiri nilikaa nikisubiri aseme vile walivyosema wenzake: mkamwana ana nuksi, mkamwana nyota yake mbaya.

Hakusema. Alimpelekea mwanawe maziwa ya moto yenye zafarani, yale ya kumtia mume nguvu, jioni baada ya jioni, Binda akayanywa, akasema asante mama, akapanda paani.

Mwezi huohuo muuza tambuu, jirani yetu, alimwoza mwanawe, wanaume wakaondoka, sisi tukajazana uani kwake. Mke wa muuza tambuu anaitwa Phulkumari, mwanamke wa mwili na kicheko. Lalmuni akatoka na masharubu yake, na mwilini amevaa sweta ya Binda, mkono mmoja unaning'inia, kwapani ana godoro. Akapanda juu ya kitanda cha kamba kama anapanda paani. "Joto, mama," akasema, "joto linaniua," na meno yanagongana mpaka tuliyasikia. Mimi bi harusi nikampepea. Akaomba barafu. Phulkumari alianguka kutoka kwenye kiti chake, wawili wakakojoa, na si maneno ya kupamba, walikojoa. Wote walidhani amebuni, kama alivyobuni mlevi na bahili. Tuliojua tulikuwa watatu.

Nikamtafuta Kusum kwa jicho. Alikuwa pembeni, ushungi unatikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka amejishika mbavu, mara ya kwanza tangu aingie nyumba yetu.

Hapo Lalmuni akashuka kitandani, akapita katikati ya watu, akasimama mbele yake, na kwa sauti ileile ya bwana harusi akasema, "Bi harusi, ubaya si wako. Mimi ndiye ninayeogopa. Nipe muda."

Wenzetu wakashangilia wakidhani ni mchezo. Mimi nilibaki na upepeo mkononi. Roho iliniuma, naisema kama ilivyokuwa. Hakuna mama mkwe aliyejichora masharubu kwa ajili yangu. Hakuna aliyekuja kusimama mbele yangu akaniambia ubaya si wangu, na ningeambiwa hivyo mara moja tu, ningekaa kwa yule mume mpaka uzeeni.

Sijui Kusum alimwambia nini mumewe. Najua kabla ya sikukuu ya rangi godoro lilikuwa limeshuka, na asubuhi Binda alikuwa anafungua feni huku anapiga mluzi. 

Ingeishia hapo. Lakini msimu wa harusi uliofuata akaja msichana wa Mumbai, Ishani, mwenye miwani na viatu vya kiume, anatafuta hadithi za sinema ya kuchekesha kuhusu maharusi. Mtu alimtajia Lalmuni. Alikaa jikoni kwetu siku mbili, anatafuna dengu, machozi ya moshi yanamtoka, hataki kuondoka. Akasema naye anakaribia kuolewa, mama yake amekufa, hana wa kumchezea. Lalmuni akasita. Leo hakuna harusi, hakuna bwana harusi aliyeondoka, utachezaje. Mimi ndiye niliyesema mchezee yatima wa watu, utapungukiwa nini. Nilipenda kuwa bi harusi mbele ya mtu wa Mumbai. Basi.

Akacheza, mlango umefungwa, sisi watatu tu. Akacheza mlevi, akacheza bahili, na kwa kuwa yule msichana alikuwa anacheka kwa moyo wote, akavuta sweta kutoka kwenye kamba akacheza na ile ya joto, mpaka mwisho, mpaka yale maneno ya bi harusi ubaya si wako. Msichana alilia akapiga makofi. Alipoondoka nikamuuliza Lalmuni kama hakuzidisha. Akasema, "Amepiga makofi, wifi. Ni wetu huyo."

Mtu mzima na nywele zake nyeupe, aliamini kwamba mtu wa Mumbai akipiga makofi mara moja kwenye ua wa mkaanga dengu amekula kiapo cha bibi zetu.

Sinema ilikuja mwaka uliofuata, mwanzo wa baridi, kwenye jumba lililo karibu na stesheni. Ilisifiwa kuwa ya mapenzi na vichekesho juu ya jambo ambalo halisemwi, na kwa kuwa halisemwi mji mzima ulikwenda kulisikia. Kusum alikuwa na mimba ya miezi sita, akabaki nyumbani. Wanawake tukakaa juu, wanaume chini, na Binda alikuwa chini na mafundi wenzake.

Nusu saa haikuisha, nikaona paa. Paa la matajiri, lina maua kwenye vyungu, lakini ukungu ulikuwa wetu. Akatokea kijana mzuri, godoro kwapani, sweta ya haradali, mkono wa kushoto mrefu. "Joto, mama," akasema. Jumba likalipuka. Wanaume walipiga viti teke, walipiga miluzi, wakataka irudiwe. Kule mbele mambo yalikuwa matamu: nyimbo, mvua ya bandia, bi harusi ambaye hata akilia wanja hauchuruziki, na mwisho kijana anapona, wanapata mapacha, ukoo mzima unacheza ngoma. Na maneno ya Lalmuni alipewa daktari ayaseme, daktari mwanamume.

Nilimtazama wifi yangu. Mikono iko magotini, macho mbele, hapepesi. Akasema polepole, "Lakini alipiga makofi."

Nisikilizeni vizuri. Mpaka dakika ile hapakuwa na kilichoharibika. Binda amejiona, ndiyo, na atakuwa ameumia, lakini nani mwingine aliyejua kuwa ni yeye? Angerudi nyumbani, wangenuniana siku tatu, yangekwisha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ni mimi.

Tulikuwa kwenye ngazi, tunashuka, tumebanana. Phulkumari akapiga kelele kwamba hii si ndiyo ile Lalmuni aliyoicheza kwetu, Mumbai wamemwibia, jamani huyu mwanamke ana akili ya kubuni, kasoma wapi. Wote wakageuka. Wakamshika mabega, wakamshika kidevu, huyu anamwita malkia, yule anasema yeye alikuwepo alicheka mpaka akajikojolea. Lalmuni anasema hapana, hapana, tushukeni. Na mimi, niliyemletea habari yenyewe, niliyempepea, niliyekuwa bi harusi miaka yote, wakanisukuma ukutani wapate kumfikia.

Nikasema, "Kubuni? Amebuni nini? Sweta yenyewe iko kwenye kamba yetu, nendeni mkaitazame."

Wakatazamana. Halafu kicheko kikaanzia juu ya ngazi kikashuka mpaka chini, kule walikosimama wanaume. Sikujua kama Lalmuni alinisikia, kwa kuwa alikuwa ameshatangulia hatua sita au saba, ushungi umemfunika masikio. Nilijiambia hakusikia.

Kesho yake asubuhi feni tatu zilikuwa mlangoni kwetu. Desemba. Mwenye feni ya kwanza akasema fundi fanya haraka tunaungua. Wa pili akavua shali akajipepea nayo. Binda akasema leteni mwezi wa Machi, akainama kwenye kazi yake. Siku ya pili zililetwa saba. Watoto walimfuata na vipande vya kadibodi wakimpepea mpaka sokoni. Mafundi wenzake walimwekea godoro juu ya paa la kibanda. Kila mtu alikuwa mchekeshaji, na kila mtu alidhani utani wake ndio wa kwanza.

Hilo angelivumilia. Ni mtu wa kuvumilia. Lakini wanawake wakaanza hesabu zao pale kwenye bomba la maji. Kusum alikuwa amekwenda na ndoo, tumbo mbele, na mmoja akamuuliza mwenzake, kwa sauti ya kawaida kama anauliza bei ya vitunguu, "Basi kama mume alilala paani, hilo tumbo limeingilia mlango gani?"

Alirudi na ndoo tupu. Hakuniambia mimi kitu, alimwambia mumewe, na hakukanyaga tena bombani.

Adhuhuri Binda akaja jikoni. Mama yake alikuwa anachekecha. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ungo wa mchele, nikisikia kila neno.

"Nani aliwaambia?" akauliza.

Lalmuni akaweka chekecheo chini. Akasema, "Mimi."

"Ulivaa sweta yangu?"

"Niliivaa."

"Ukanicheza."

"Nilikucheza, mwanangu. Nilimchezea mkeo, asijione mbaya."

Binda hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mama," akasema, "ningeshuka mwenyewe. Nilikuwa najipa moyo, nahesabu siku tu. Hata usingenicheza, ningeshuka."

Akaivua sweta, akaitundika kwenye kamba, akaingia ndani na kikoi na fulana kwenye baridi ile. Mimi ningeweza kutoka nyuma ya mlango. Hatua nne. Ningesema si yeye, ni mimi niliyesema pale ngazini. Nilichagua mchele. Niliuchagua wote, chuya moja moja, mpaka jua likashuka.

Wiki hiyohiyo Binda na Kusum waliondoka kwenda mji wa mbali wa Ludhiana, ambako Binda ana rafiki kwenye kiwanda cha baiskeli. Mimba ikiingia mwezi wa saba, kwenye behewa la watu waliosimama. Kusum aligusa miguu ya mama mkwe wake kumwaga kwa heshima, akagusa na yangu, nikamwekea mkono kichwani nikambariki. Binda hakugusa ya mtu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, habari tulizipata kwa mpwa wa Phulkumari anayefanya kazi hukohuko. Aliongeza kwamba mtoto ana nyusi nzito za Binda, kila mtu anasema hivyo. Akatuambia Phulkumari huku anacheka, kama vile si yeye na wenzake waliouliza mlango.

Siku ya sita tangu mtoto azaliwe, kwetu wanawake huja kuimba, na shangazi ndiye mwenye haki ya kumtia mtoto wanja. Mtoto hayuko, lakini Lalmuni aliosha ua, akatandika jamvi, akakaa. Mlango ulikuwa wazi. Majirani walipita, wakatazama, wakaenda zao. Akaanza mwenyewe wimbo wa kumpokea mtoto, na wimbo ule ni wa kuitikiana, mmoja hawezi. Alifika mahali pa kiitikio akangoja. Nikaona aibu, nikatoka ndani nikamwitikia. Akanyamaza palepale, akakunja jamvi.

Harusini hawamwiti tena. Phulkumari ndiye aliyesema kwanza: mwanamke aliyemcheza mtoto wake wa kumzaa, sisi atatuacha? Huyohuyo aliyeanguka kitini. Wananiita mimi sasa. Najichora masizi, natembea kama mlevi, wanatazama kidogo kisha wanaanza kuzungumza mambo yao. Sichekeshi. Nimejaribu.

Ile sweta Lalmuni huitoa sandukuni kila baridi inapoanza. Anaifua, anaitundika kwenye kamba, inakaa pale mpaka joto lirudi. Hii ni baridi ya tano. Mkono wa kushoto sasa unakaribia kufika chini. Mimi chumba changu kinatazama ua, nikifungua macho asubuhi naiona kwanza yenyewe ndipo nione jua.

Juzi nilichoka. Nilimwambia, wifi, fumua kitu hicho, uzi bado mzima, mfumie hata mtoto soksi tuzitume.

Alikuwa anakoroga mchanga. Hakugeuza kichwa.

"Iache," akasema. "Si ulisema iko kwenye kamba yetu? Ikae hapohapo, watu wasije wakakuita mwongo."

Kisha akachekecha, akachota dengu za kwanza, za moto, akanipa kwenye bakuli langu kama anavyonipa kila siku. Nikala.